Zima Mashine ya Baba

Zeeland, Michigan
Tarehe 13 Februari

Kwa mdogo wangu mpendwa Delwyn,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Verna. Huku tunaendelea. Theluji imefika usawa wa sanduku la barua, na Jumapili iliyopita mchungaji alihubiria watu kumi na tisa, mmoja wao amelala. Je, wewe u hali gani? Mkeo Joanne naye hajambo? Tangu uhamie Iowa nimekuwa nikikuuliza hali yako kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia ndani. Leo nakuuliza kweli, na jibu lako naliogopa.

Nianze na habari ndogo. Tangu nistaafu kiwandani nashinda gereji, napasua mwaloni na kupiga randa, na Verna amechoka. Analalamika kwamba gari lake limegeuka rangi ya mbao, na kwamba keki ya lozi aliyooka siku ya kuzaliwa kwangu ilikuwa na ladha ya kabati. Mwezi uliopita aliniambia nichague moja, nitafute mashine ya kunyonya vumbi au nitafute pa kulala. Nikamwahidi kutafuta iliyotumika. Unatujua watu wa huku, Delwyn. Mtu akinunua kipya wakati kikuukuu kipo, tunaanza kumwombea.

Kwanza nilikwenda Hudsonville kwa bwana mmoja anaitwa Roger Zwiers, ambaye anahamia Florida na anauza kila kitu hadi koleo la theluji. Mashine yake ilikuwa pacha wa ile ya Baba: mota chini, bomba kubwa ubavuni, na kifuko cha kitambaa juu kinachovimba ukiiwasha. Alimwaga ndoo nzima ya maranda sakafuni, akawasha, na yote yakamezwa kabla sijavua glavu. Akasema mtu anaweza kula chakula juu ya sakafu yake. Ni kweli, sakafu ilikuwa safi. Lakini jua lilikuwa linapita dirishani, na katika ule mwanga niliona kifuko kikitoa kitu kama moshi mwembamba, pande zote, bila kukoma. Yale maranda makubwa yalibaki ndani. Ule unga laini, usioonekana, ulikuwa unarudi kwetu, na mlango mkubwa ulikuwa umefungwa ili joto lisipotee.

Nilimwuliza Roger kama huwa anaufungua mlango wakati wa kazi. Akacheka hadi akashika meza. Akaniuliza nani alipe gesi ya kupashia joto Michigan nzima, akaongeza kwamba kifuko kadiri kinavyozeeka ndivyo kinavyochuja vizuri. Hayo ni maneno ya Baba, neno kwa neno. Nilipomwambia nitafikiri kwanza, alinipigia kelele hadi kwenye pikapu: "Wee Lambert, unachagua mashine au unachumbia?" Nami nilicheka, nikawasha gari.

Siku mbili baadaye nikaenda Borculo kwa mjane mmoja, Bi. Trena Boersma. Mumewe Sherwin alikuwa fundi wa makabati. Mashine aliyoacha ni nyingine kabisa. Vumbi linazungushwa kwanza ndani ya pipa refu, yale mazito yanaanguka chini, halafu hewa inapita kwenye chujio la karatasi lililokunjwakunjwa, ambalo halipitishi hata ule unga. Bi. Trena, ambaye hafiki begani kwangu, alilifungua chujio mwenyewe kwa spana, akaniambia niangalie kama limetoboka, na nisiamini neno la muuzaji, hata yeye. Niliinama kutazama. Hapo ndipo nikahisi joto puani, nikatoa leso haraka.

Sikukuambia, Delwyn. Tangu Oktoba pua inanitoka damu. Si nyingi, matone tu, asubuhi na nikiinama. Verna naye sikumwambia. Leso nilikuwa nazifua mwenyewe kwenye sinki la gereji.

Bi. Trena aliitazama ile leso. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama unaweka sukari kwenye kahawa, damu inatoka tundu moja au yote mawili. Nikamjibu yote mawili. Akasema, "Sherwin naye alisema yote mawili." Akafunga chujio, akakaza skrubu moja moja. Akanieleza kwamba mumewe alifanya kazi na kifuko cha kitambaa miaka thelathini na miwili, na mashine hii aliitumia miaka miwili tu. Mashine haina kosa, alisema, ilichelewa kuja. Uvimbe wa saratani uliomuua ulikuwa ndani ya pua, nyuma ya shavu, umeshika hadi jicho, na daktari hakuuliza kama Sherwin anavuta sigara. Aliuliza anapasua mbao gani.

Nikasema nainunua, nikafungua pochi. Akakataa! Mwanamke wa Borculo, mnunuzi amesimama mbele yake na pesa mkononi, akakataa. Akasema, "Nenda kwa daktari wa pua, baba. Njoo na karatasi yake, nami nitakusaidia kupakia. Bila karatasi sikuuzii. Siwezi kukuuzia kitu cha kujidanganyia." Nilimwona mkorofi. Niliondoka kwa hasira, na nilipofika njia panda nikasimamisha gari kando ya barabara. Naogopa, mdogo wangu. Nina miaka sitini na minne na naogopa kama mtoto aliyeachwa dukani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Ungenisikia kwenye simu ungeanza utani, nami ningecheka nawe, na tungeishia hapo.

Baba hakufa kwa uvimbe wa ubongo. Mlivyoambiwa wewe na jamaa wengine sivyo. Nilikuwa naye hospitali siku alipoambiwa. Ulianzia puani, kwa damu ya tundu moja tu, na daktari alisema wazi kwamba ni vumbi la mbao ngumu, la miaka yote ile. Baba alinishika mkono akanikataza kukuambia. Alisema kati yetu wawili wewe ndiye uliyerithi mkono wake, na ukisikia utaiacha kazi ya mbao. Nikamwahidi. Na baada ya mazishi ulipokuja na lori kuchukua mashine yake uipeleke karakana yako, mimi ndiye niliyeshika upande wa mota. Mimi ndiye niliyefunga kamba. Ulinishukuru, ukanikumbatia barabarani, nami nikakuaga kwa mkono hadi ulipokata kona.

Miaka kumi na moja nimejiambia kwamba nalinda ahadi. Si kweli. Kama ningekuambia wewe, ningelazimika kuamini mwenyewe, na mimi nilitaka kuendelea na randa yangu nikiwa na amani.

Jana nilimweleza Verna habari ya damu na ya Baba. Hakulia. Aliondoka akarudi na zile leso, zote, akaziweka mezani. Kumbe alikuwa anajua tangu Novemba na alikuwa anasubiri niseme. Akampigia daktari simu yeye mwenyewe, kwa ajili yangu. Nakwenda Alhamisi. Ukweli ni kwamba damu inatoka tundu moja, la kushoto; Bi. Trena nilimdanganya.

Bado kuna jambo la mwisho, na hili Verna pia hajui. Ile siku ya Krismasi mlipopiga simu, wakati Verna ameenda kutazama oveni, nilizungumza na Joanne. Alikuwa anacheka. Aliniambia unamharibia foronya za mito, kila asubuhi kuna damu, na daima ni upande uleule. Akaniuliza kama kwetu ni jambo la ukoo. Nikamwambia ni jiko la kuni linakausha hewa, aweke chungu cha maji juu yake. Aliniamini, akanishukuru. Nilijua, Delwyn. Nilikata simu nikaenda kula.

Zima ile mashine leo. Usiikarabati, usimgawie mtu, usiiuze. Nenda kwa daktari wa pua, umwambie kazi yako na kazi ya Baba, na usikubali atazame mbele ya pua tu. Aingize ile kamera yao nyembamba hadi nyuma kabisa. Barua hii mpe Joanne aisome yote. Naituma kwa posta ya haraka. Ikifika Jumatano, Alhamisi asubuhi nitampigia yeye, si wewe, kabla sijaingia kwa daktari wangu.

Verna anawasalimu nyote, nami nambusu kila mjukuu wenu. Nitukane ukitaka, nitasikiliza hadi mwisho. Ila kwanza nenda.

Ni mimi, kaka yako,
Lambert Dykhuis