Simu Iliyoingia Maji

Shemeji yangu,

Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila anayembeba.

Ulipotuletea mizigo ya marehemu mume wangu kutoka likizo yenu ulisema, "Simu imeingia maji, shemeji, itupe tu." Sikuitupa. Ule mfuko wa plastiki wa kutilia simu ili kupiga picha majini, kaka yako aliununua kwa bei ya chee, akaujaribu kwenye ndoo yangu ya kufulia, tishu ndani. Tishu ikatoka kavu. Akacheka, "Kamera ya walalahoi hiyo, mama."

Jana niliichaji simu, ikawaka. Picha ya mwisho ni yeye, chini ya maji, kainua mikono yote miwili.

Ulisema alizama peke yake, wewe umelala ufukweni. Njoo uniambie simu aliishika nani.

Bado ni shemeji yako,
Mama Mtoto