Farasi Kumi na Tatu kwenye Mteremko wa Mtoni

KITUO CHA POLISI, CHANG'OMBE
Maelezo ya shahidi: ajali ya gari iliyoua mtu, Barabara ya Kilwa, Mtoni

Jina: Albano Mihayo
Umri: miaka 36
Kabila: Mnyamwezi wa Tabora
Kazi: fundi wa injini, karakana ya magari Chang'ombe
Makazi: Keko
Yamechukuliwa tarehe 11 Agosti 1953

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kwamba Bwana Kosta, Mgiriki mwenye shamba la katani, ameandikisha hapa kuwa dereva wake, marehemu Marijani Kondo, alikuwa amelewa alipoanguka na gari. Si kweli. Marijani alikuwa Mwislamu wa kuswali, na kwa miaka tisa niliyomjua hakuwahi kuonja pombe. Ile harufu ya spiriti mliyoinusa nguoni mwake ilitoka kwenye kidebe, na kidebe hicho nilikiweka garini mie.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Agosti, Bwana Kosta alileta kwetu gari lake la mashindano, la viti viwili, halina paa, la mwaka 1936. Wazungu walikuwa na mashindano yao mwezi ujao, akataka kujua injini ile kuukuu imebakiwa na nguvu gani. Karakana yetu ina mashine iliyoachwa na jeshi baada ya vita, sie tunaiita mizani. Injini inatolewa kwenye gari na kuungwa na pipa la chuma lenye maji. Maji yanaikaba, pipa linataka kuzunguka nayo, na mkono wa chuma unalizuia kwa kukandamiza mizani. Uzito ule unauzidisha kwa mizunguko ya injini, unapata farasi wa kweli, maana nguvu ya injini sie mafundi tunaihesabu kwa farasi. Tulipata sitini na mbili.

Bwana Kosta hakuridhika. Alisema kitabu cha gari kinasema sabini. Nilimwambia injini inazeeka kama mtu, hakunisikia. Akaamuru tupanue matundu ya kabureta na kuchanganya spiriti kwenye petroli, maana spiriti inaipoza injini na kuipa nguvu. Tukapima tena, sabini na moja. Safari hii alicheka, akatupa sigara kila mmoja.

Jumamosi tarehe 8, kama saa tano asubuhi, Marijani alikuja kulichukua gari kwa amri ya Bwana Kosta. Siku zote yeye alikuwa dereva wa lori la katani. Gari dogo kama lile hakuwahi kulishika. Alisoma kadi ya gari, akaangua kicheko.

Akasema, "Mnyamwezi we! Farasi kumi na tatu ndio makelele yote haya? Lori langu thelathini!"

Hapa naomba uandike vizuri, afande, maana ndipo alipopotea. Namba ya kwenye kadi si nguvu. Ni hesabu ya kodi ya zamani ya Waingereza. Wanapima upana wa pistoni, wanahesabu silinda, basi, injini yenyewe hata haijawashwa. Lori lina pistoni pana na mwendo wa kobe, likaandikwa thelathini. Lile gari pistoni zake nyembamba, likaandikwa kumi na tatu, na lina sabini na moja. Hata ukitoa nguvu zinazopotea njiani kabla ya kufika magurudumuni, zinazobaki ni nyingi mno kwa kigari ambacho watu wanne tulikiinua nyuma kwa mikono. Lori la tani tatu ukilikanyaga mpaka chini linafikiri kwanza. Lile halifikiri.

Nilimwambia. Wallahi nilimwambia, japo mie Mkristo. Lakini sie ni watani, Mzaramo na Mnyamwezi, na nilimwambia kwa ulimi wetu wa siku zote. Nilisema, "Mzaramo, hilo lina sabini na moja. Likanyage kama lori lako uone, litakuzika leoleo, nami nije kula ubwabwa wako."

Akajibu, "Utakula wapi, mtumwa wangu we! Nitakuzika wewe kwanza."

Tukacheka, na wenzangu karakanani wakacheka. Kidebe cha spiriti iliyobaki nikakiweka nyuma ya kiti chake, akaondoka. Nilisikia injini ikilia mpaka kona ya Barabara ya Kilwa, na moyo haukukaa sawa. Nikarudi kazini.

Haukupita muda, mtu wa baiskeli akaleta habari ya ajali, nikakimbilia huko. Nilimkuta Marijani kwenye tope chini ya daraja la Mtoni, gari limemlalia. Mteremkoni hapakuwa na alama ya breki hata moja mpaka kwenye kona ya darajani. Kidebe kilikuwa kimepasuka, shati lote limelowa spiriti. Nilimsikia askari akisema, "Huyu kalewa." Nilikuwa nimemshika mguu rafiki yangu, nalia.

Umeniuliza kama nina neno jingine. Ninalo. Kwa utani wetu huwa tunaitana Mzaramo na Mnyamwezi, jina hatutumii. Ningemwita Marijani, mara moja tu, angeshtuka. Angejua leo kuna jambo. Sikumwita.

Tulizika Jumapili. Kwa mila yetu mtani anakwenda kufanya vituko, anazuia jeneza, anadai apewe kitu ndipo marehemu apite. Watu waliniangalia, wakangoja. Sikuweza. Mjane wake, Bi Somoe, akaniita mlangoni akasema, "Mtani, leo ndiyo siku yako, mbona umenyamaza?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli alikuwa amelewa?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi usiniambie mie. Kawaambie wanaoandika."

Ndiyo maana nimekuja. Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, sikuongeza wala sikupunguza. Ninachoomba ni neno lile la ulevi lifutwe, Bi Somoe akae eda yake bila aibu.

(Sahihi) Albano Mihayo

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Alikwisha kufika mlangoni akarudi, akaomba niongeze maneno yake haya: "Afande, andika kwamba hapa sitanii."

Koplo Projestus Rwiza