Niliandika Kwamba Wamefikiwa

Mpendwa mshauri, sikuamkii kwa sababu nadhani mkubwa ni mimi, lakini msaada nauomba kama mtoto, na nauomba upesi, maana nina miaka sabini na tisa, moyo umechoka kusukuma damu, miguu imevimba hadi soksi haziingii, na juzi daktari aliwaambia wanangu nje ya mlango wa chumba changu kwamba sasa wahesabu wiki, si miezi, akidhani sisikii, kumbe nasikia vizuri kabisa, uziwi nilijitungia miaka kumi iliyopita ili nisiitwe vikaoni.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na kanisani nikapewa kazi inayonifaa, nayo ni ramani. Imebandikwa katika chumba cha kamati ya umisheni, imechomekwa pini, nyekundu kwa kabila ambalo halijafikiwa na Injili na nyeupe kwa lililofikiwa, na kanuni yetu ni moja tu, kwamba pini haibadilishwi mpaka mtu wetu afike mwenyewe, akae na watu hao, arudi na taarifa ya maandishi. Penye nyekundu tunaomba na kutuma watu. Penye nyeupe tunashukuru na kusonga mbele.

Nikiwa na miaka thelathini na mitatu nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema Bwana ameniita niende kwa wafugaji wa nyuma ya milima nikachunguze kama kuna aliyewahi kuwahubiria, kina mama wakalia, wazee wakaniwekea mikono, mchungaji wa wakati ule akaninunulia viatu vya ngozi vya kupandia mlima. Nikapanda basi hadi mji wa mwisho, pale barabara inapokatikia, na kutoka pale ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mshauri, hizo siku tatu sikuzitembea. Siku ya kwanza ilinyesha, ya pili palikuwa na matope, ya tatu nilikuwa nimeshaizoea nyumba ya wageni, ina godoro zuri na mama mwenye nyumba anajua kukaanga mayai, basi nikakaa siku tisa nikimwomba Mungu anifungulie njia ambayo nilikuwa naiona dirishani. Siku ya nane nikaenda mnadani, nikamwona mfugaji mmoja wa huko amevaa msalaba shingoni. Nikamwuliza kwa ishara kama anaamini. Akadhani nataka kuununua, akauvua akanipa niukague. Nikarudi chumbani nikaandika kurasa kumi na mbili, pamoja na mchoro wa milima nilioupaka rangi kwa mikono yangu, kwamba Injili imeshawafikia, waumini wapo, tena wanavaa alama ya imani yao hadharani bila woga.

Pini nyekundu iling'olewa kwa vigelegele. Mimi nikabatizwa jina la Mmisionari, nikawa mwenyekiti wa kamati kwa miaka ishirini na minane kwa kuwa ndimi pekee niliyekuwa na uzoefu wa kule mbali, nikafundisha semina za kuvumilia mazingira magumu, na nilizifundisha vizuri, watu walikuwa wanatoka wanafuta machozi. Kila aliyesema anasikia mzigo wa kwenda kwa wafugaji wale nilimkata kauli kwa upole, nikamwambia, "Ndugu, kule kazi imefanyika, tusirundikane mahali pamoja." Mwinjilisti mmoja mwanamama aliniomba mara tatu, nikamkatalia mara tatu, na wala sikusikia jogoo.

Sasa basi. Jumapili ya wiki ijayo kanisa lina ibada ya shukrani, kwa kuwa pini ya mwisho nyekundu inatolewa, kamati inavunjwa kwa heshima, chumba kitawekwa viti vya harusi, na mimi nimeombwa nibebwe kwenye kiti changu nikachomeke pini nyeupe ya mwisho mbele ya watu. Nilikubali. Nilishachagua na tai.

Ndipo likaja hili la muuguzi. Ni binti anayetumwa kutoka zahanati kila asubuhi kunipima na kunisafisha miguu, ana mikono mipole na hana maneno mengi, na kwa kuwa mtu hata akikaribia kufa hupenda kujisifu, nikamwuliza kwao ni wapi.

"Mbali, babu. Hupajui."

"Mimi nimefundisha jiografia, nijaribu."

Akanitajia. Ni nyuma ya milima, kule kule.

"Aa!" nikasema, "kwa ndugu zetu katika imani!"

Alicheka mpaka akaweka beseni chini. "Imani ipi, babu? Mimi Yesu nimemsikia chuoni, kwa mwenzangu wa bwenini. Bibi yangu amekufa mwaka juzi hajasikia hata jina."

"Hakuja mtu yeyote?"

"Wa chanjo wanakuja. Wanunuzi wa ngozi wanakuja. Watu wa kanisa, barabara ikiisha na wao wanaishia hapo hapo." Akaendelea kunifuta miguu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilipomweleza mama, aliniuliza, kama habari hii ni kubwa hivyo, mbona walikaa nayo? Babu, wewe ni msomi, nimwambie nini mama?"

Nami, mwalimu wa semina, nikamjibu, "Mwambie Mungu ana ratiba yake." Akanishukuru! Akasema atampigia simu jioni ile amwambie.

Nikamwambia mke wangu yote, nikitegemea azimie. Alikuwa anakunja shuka.

"Nilijua tangu siku uliporudi," akasema. "Mtu ametembea siku sita milimani anarudi na viatu vinang'aa?"

"Mbona hukusema, mama watoto?"

"Uliniuliza?"

Na bado binti yangu mkubwa anaandika wasifu wangu wa kusomwa msibani, ananisomea vipande nirekebishe, na wiki iliyopita tu aliniuliza, "Baba, milimani ulilala nje usiku mara ngapi?" nikamwambia mara mbili, ya tatu nilipata pango. Pango, mshauri! Limetoka wapi pango?

Nikisema sasa nitavunja shukrani ya kanisa zima, wanangu wataona aibu, na waliokwenda kwingine kwa sababu ya semina zangu watajiuliza walimfuata nani. Nikinyamaza nitazikwa vizuri sana. Niseme, au niiache kazi ya Mungu ilivyo? Nijibu ningali hai.

Mmisionari wa Dirishani

Mshauri anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeitoa nje ya zamu ili ikuwahi.

Imenichekesha mahali pengi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Wewe unajua kusimulia. Kipaji hicho kilikupa uenyekiti, na sasa unakitumia kwangu ili nikucheke halafu nikuachilie. Nimecheka. Sikuachilii.

Kuogopa mvua na milima ukiwa peke yako, hilo nakuhurumia kwa moyo wote. Wengi wetu tungekula yale mayai. Ungerudi ukasema "nimeshindwa," wangekupa pole na mwaka uliofuata wangetuma watu wawili, pengine na yule mwanamama. Kosa lako halikuwa kutofika. Uliandika kwamba wamefikiwa, kisha ukakalia taarifa hiyo ukiwa mwenyekiti miaka ishirini na minane ili asifike mwingine akakuumbua. Wito ule haukuwa mali yako, ulikuwa wa kanisa, na watu waliokuwa wanasubiri walikuwa na bibi zao wanaozeeka kama wewe.

Unaniuliza kama uiache kazi ya Mungu ilivyo. Ilivyo wapi? Kule haipo! Kinachosubiriwa Jumapili ni kufunga chumba na kuweka viti vya harusi. Kanisa likiambiwa kwamba bado lina kazi litaona aibu wiki mbili, na baada ya hapo litakuwa kanisa tena. Waliokwenda kwingine walimfuata Bwana wao, si wewe, usijipe cheo kingine. Na kuhusu aibu ya wanao, tazama mkeo: amejua miaka yote hii na bado anakukunjia shuka.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla ya Ijumaa.

Mwite mchungaji pamoja na mwenyekiti wa sasa wa kamati. Wasomee karatasi moja, si kumi na mbili, na usiweke mchoro. Mchungaji atataka kukusamehe kabla hujamaliza sentensi, kwa kuwa anakupenda na ratiba ya Jumapili imeshachapishwa. Atasema tumwachie Bwana. Mkatalie. Mwambie ibada iwepo, lakini iwe ya toba, na taarifa yako isomwe huku wewe mwenyewe umekaa pale mbele. Kama yule mwinjilisti yu hai, atafutwe aambiwe kwamba alikuwa sahihi mara zote tatu. Na kabla hamjamtuma mtu yeyote, kamati ijifunze kuuliza: nani yuko kule, wanaongea nini, wangependa kupokea wageni wa namna gani. Msimtwike binti wa watu kazi yenu kwa sababu tu amezaliwa huko. Akitaka kuwasaidia atasema mwenyewe. Binti yako naye akileta wasifu, mwambie alifute lile pango.

Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni la muuguzi, na usilibadilishe na la mchungaji kwa kuwa la mchungaji ni jepesi. Huyu binti huenda asikusamehe, na ana haki hiyo. Umempa mama yake jibu la uongo, ukamsingizia Mungu ratiba yako wewe. Kesho asubuhi akija, mwache akupime kwanza na akupe dawa zako, maana ukipata mshtuko nataka uwe mikononi mwa anayejua la kufanya. Halafu mwombe avute kiti. Usimchekeshe. Usianze na mvua. Usimwombe msamaha haraka haraka ili upumzike wewe, yeye ana simu ya kupiga kwa mama yake na anahitaji ukweli wa kumwambia.

Akishakaa, mtazame usoni, umwambie, "Mwanangu, mmoja wa wale walioishia mjini ni mimi." Kisha nyamaza, na umwache aulize kila anachotaka kuuliza.