Shikamoo Baba, Hatuondoki

Witness, mwenzio leo nimeumbuka mbele ya chuo kizima.

Wale wanafunzi viziwi wanaonunua maandazi kwangu getini wameandamana hadi ofisi ya mkuu wa chuo. Wanataka kiziwi mwenzao aingie kwenye baraza la chuo. Mkuu katoka, mkalimani hakuna. Sidonia, kiongozi wao, akanivuta mkono. Mimi, niliyeishia darasa la tano.

Ishara nazijua, si unamkumbuka kaka yangu Obedi, naye kiziwi? Ila mkubwa akiongea, mimi natazama chini. Basi nikatafsiri nimeinama, mikono nusu imefichwa kwenye khanga. Sidonia akaniinua kidevu kwa kidole, akaniambia kwa ishara, "Nasoma na uso wako. Miguu yako haisemi kitu."

Walicheka wote, hadi mlinzi ambaye hajui ishara hata moja.

Mkuu akasema mwaka huu nafasi hakuna, warudi darasani. Sidonia akajibu, "Mwambie hatuondoki."

Nimwambie nani? Yule mzee wa suti? Unajua kilichonitoka mdomoni?

"Shikamoo baba, hatuondoki."

Kwa sauti, Witness. Mimi ninayeshindwa hata kumwambia kondakta nashuka.

Akaitikia, "Marahaba." Akawatazama mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Kesho saa tatu njooni watano, tuizungumze hiyo nafasi. Na huyu mkalimani wenu."

Wakanigeukia wote, mikono juu wanaitikisa. Ndiyo makofi yao.

Niazime viatu vyako vya kanisani. Ingawa kesho nimekatazwa kuvitazama.