Papa, Maji Hayakuwa Moto

Papa wangu,

Nakuandikia kwa sababu mkono wangu umeanza kufanana na wako, na ninauogopa.

Jumamosi asubuhi nilirudi kwenye ule mgahawa wetu wa Ibanda, ule wenye dirisha la ziwa. Tangu tukuzike sikuwa nimekanyaga pale. Nilikuwa nimekukumbuka, basi nikaagiza kama wewe: omleti, mkate, themosi ya maji ya moto na maziwa ya unga.

Omleti ilikuja imeungua upande mmoja, mbichi upande wa pili. Mkate ulikuwa wa juzi. Hayo niliyameza. Lakini nilipomimina maji, maziwa yakafanya mabonge, yakaelea. Maji yalikuwa vuguvugu. Hasira ikanipanda, unaijua, maana ni ya kwako. Nilipiga meza ngumi, kikombe kikaanguka kikapasuka, nikamwita mhudumu kwa sauti iliyonyamazisha watu wote.

Akaja mzee mmoja, taratibu. Nikanyanyua themosi, mfuniko wazi. Sijui nilitaka kufanya nini nayo. Hakurudi nyuma. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yangu, kiganja chini, akangoja.

Ngozi ya mkono ule ilikuwa imekunjamana na kung'aa, toka vidoleni hadi kwenye kifundo. Alikuwa Tonton Bahati, yule mhudumu wa zamani niliyemwita mjomba.

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa, nimevaa gauni la misa. Ulisema maji hayakuchemka, naye akakujibu kwa heshima kwamba yamechemka. Ukamkamata mkono. "Basi mukono yako itaniambia," ukasema, ukammiminia yote. Alipiga kelele mpaka akaanguka magoti. Ngozi ilibanduka tukiona, na wewe ukaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Mimi nilicheka, Papa. Nilidhani baba mwenye nguvu ndiye huyo.

Niliweka themosi chini, nikamwuliza kwa nini maji si ya moto.

"Tangu ile siku, sileti tena mayi ya moto kwa meza," alisema. "Batu banalalamika, nabaacha tu."

Nikamwambia mimi ndiye yule mtoto. Alikuwa ameshanijua nilipopiga meza.

"Papa yako nilisha kumusamehe. Kile kicheko ndio ningali nasikia."

Nikaomba msamaha. Aliinama akaokota vipande vya kikombe kwa mkono ule ule, na mimi nikanywa yale maji vuguvugu kwenye themosi mpaka tone la mwisho.

Nilikupenda, na bado nakupenda, na hilo linanitia uchungu. Wiki iliyopita nilimpiga mwanangu mkubwa mpaka mwiko ukavunjika mgongoni mwake. Mdogo wake, aliye na miaka tisa, alisimama mlangoni akacheka.

Usiningoje kaburini Jumapili hii. Nitakuwa nyumbani, nimepiga magoti mbele ya watoto wawili.

Pumzika, Papa.

Mimi binti yako, niliyecheka