Faulo ya Sita

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukuamsha alfajiri. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu anasema likizo ikifika umwekee nafasi kitandani kwako, maana miguu yangu haimwachii mtu pa kulala. Kwa kweli nimerefuka, Bibi, lile jina la Mlingoti ulilonipa sasa limenikaa. Wanaomkumbuka marehemu Baba hunisimamisha njiani, wakanitazama kuanzia chini mpaka juu, halafu wakatikisa kichwa na kwenda zao.

Urefu huu ndio ulionipeleka kwenye mpira wa kikapu, ule unaouita mchezo wa kugombania tenga. Leo itabidi nikueleze sheria zake kidogo. Usinicheke, kwa sababu bila hizo hutaelewa kilichonikalisha chini nikuandikie.

Unamjua Fundi, mume wa Mama. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami nimemwita hivyo tangu aingie nyumbani kwetu. Kazi yake ni friji, redio na televisheni. Nilipochaguliwa timu ya shule hakuwa anajua hata mpira huo unarushwa wapi, lakini aliona haya kukaa jukwaani kama gunia. Basi akaanza kujifunza pale pale karakanani. Televisheni ya mteja ikipona Jumatatu, yeye anaendelea kuijaribu mpaka Ijumaa, na kila ukipita unamkuta anaijaribu kwa mechi za kikapu za wale wachezaji wakubwa wa kulipwa. Mwenye mali akija kuulizia, anaambiwa picha bado inachezacheza kidogo. Mama alimwonya kwamba atafukuza wateja. Akajibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Kumbe, Bibi, mchezo ni mmoja lakini sheria si moja. Wakubwa wale wanacheza dakika arobaini na nane, sisi arobaini. Watoto kama mdogo wangu wanashushiwa pete ya kikapu, wanapewa mpira mdogo, na hata wakifunga kutoka mbali hawapati pointi tatu, wanapata mbili tu kama kawaida. Fundi hakuyajua hayo. Siku ya mechi ya kwanza ya mdogo wangu alijijumlishia mwenyewe kichwani, akaamini wameshinda, akaenda kununua soda ya ushindi. Aliporudi akakuta watoto wanalia. Mdogo wangu aliinywa hivyo hivyo.

Yaliyonipata mimi katika mechi nyingine yalikuwa makubwa zaidi. Mpira wa wapinzani ulikuwa unazunguka juu ya pete, nikaruka nikaupangua. Kwetu inaruhusiwa; mpira ukishagusa pete, mwenye kuwahi na auwahi. Kwa wale wa kwenye televisheni ni kosa. Wenzangu walinibeba, lakini wakati wa chakula Fundi hakunisifu. Aliniambia kwa upole kwamba wizi ni wizi hata ukifanywa na mtu wa nyumbani, na kwamba yuko tayari kunisindikiza kwa kocha nikakiri. Mama alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. Mimi nilinuna, ingawa baadaye nilijikuta natabasamu peke yangu.

Sasa nije kwa lililotokea. Jumamosi iliyopita tulikuwa na nusu fainali, ukumbi umejaa. Kwetu mchezaji akifikisha faulo tano anatolewa, harudi tena. Wale wakubwa hutolewa wakifikisha sita. Robo ya mwisho nikafanya ya tano, ya kijinga kabisa, nikainamisha kichwa nikaelekea benchi. Mara nikasikia sauti jukwaani ikipaza kwamba bado moja, bado moja, mtoto anaonewa. Fundi akateremka ngazi na ovaroli lake la kazi, mkono mmoja vidole vyote, mwingine kidole kimoja, mpaka ndani ya mstari wa uwanja. Watu wakavunjika mbavu. Refa akasimamisha mchezo, akamwambia kocha kwamba mtu yule asipotoka timu itaadhibiwa. Kocha akasema hamjui. Refa akatugeukia sisi wachezaji, akauliza huyu ni mtu wa nani.

Ningeweza kunyamaza, Bibi. Ningeweza kusema ni fundi wa mtaani kwetu, na isingekuwa uongo. Lakini nilimwona amesimama pale, mfupi, jasho linamtoka, vidole sita juu kwa ajili yangu. Nikasema ni baba yangu.

Vidole vilishuka polepole. Alimwomba refa radhi, akatoka mwenyewe. Dakika zilizobaki alichungulia dirishani kwa nje. Nadhani alipanda juu ya kitu, maana dirisha lile kwa kimo chake halifikii. Tulifungwa kwa pointi mbili.

Siku ya mazishi ulinishika uso kwa mikono yako miwili, ukaniambia baba ni mmoja tu duniani. Nimelishika neno hilo miaka yote hii. Mdogo wangu amemwita Fundi kwa jina la Baba tangu alipoanza kusema, kwa kuwa hakumjua mwingine, wala sikumlaumu. Mimi sikuweza. Niliona nikilitoa jina hilo nitakuwa namzika marehemu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulirudi kwa miguu, Fundi kanibebea begi. Tulipofika mlangoni pa karakana akasimama. Hapo aliniambia kwamba lile neno amelisikia na hatalisahau, ila hataki niliseme tena kwa kumwonea huruma. Akasema jina lile lina mwenyewe, na mwenyewe ana mama yake, yu hai. Akataka nikuandikie wewe kwanza, nikuombe. Ukikataa, yeye atabaki Fundi, na hakuna kitakachopungua mezani.

Basi nakuomba, Bibi. Simwondoi mwanao. Kila nikiruka najua miguu hii ni ya nani. Lakini huyu naye nampenda, na nimechoka kumwita kwa kazi yake.

Nasikia redio yako imeanza kukoroma tena. Fundi ameshaweka vifaa vyake kwenye mfuko, lakini amekataa katakata kuja kuitengeneza kabla hujajibu, eti itaonekana anakuhonga. Jibu likifika, liwe lolote, anapanda gari kesho yake. Tafadhali usikawie. Siku hizi nikitoka shule namkuta mbele ya televisheni iliyokwisha kupona, mechi imepamba moto, naye anatazama mlangoni.

Wasalimie majirani wote, na goti ulifunge vizuri wakati wa baridi.

Mimi mjukuu wako akupendaye,
Mlingoti