Friji Isiyoota Barafu

Homa Bay,
Jumatano jioni

Dada yangu mpendwa Boke,

Kabla sijaanza kulalamika, na nitalalamika sana, acha kwanza nikusalimu. U hali gani? Goti la Mama limepoa, au bado anashuka mtoni akisema halimuumi huku ameshika kiuno? Tumbaku ya Baba imekauka vizuri? Na yule mtoto wa darasa lako la chekechea aliyekuwa anakula chaki, ameacha? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya Mama husikilizwa na boma zima, na haya nataka uyasome wewe kwanza, halafu umketishe Baba umweleze. Jumatatu ya wiki iliyopita alinipigia. Hakuniuliza nimeamkaje. Alisema amesikia nimemtusi mama mkwe wangu na kumnyang'anya ufunguo wa nyumba ya mwanawe, na kwamba nibebe kuku nikaombe msamaha kabla jina letu halijaharibika Homa Bay nzima. Nilipotaka kueleza akasema, "Robi, mimi sikukuuliza kitu." Kisha simu ikakatika. Dada, nimeolewa miezi mitatu tu na nimeshahukumiwa bila kusikilizwa, tena na baba aliyenizaa. Basi sikiliza wewe.

Ujue kwanza kwamba nina furaha. Hili usilisahau unaposoma yatakayofuata. Otieno ni mwalimu wa hesabu mbele ya watu, lakini nyumbani ni mtu wa kuimba akichambua mchele. Akitoka shuleni hunipitia kibandani ninaposhona, hunishikia kitambaa upande wa pili nikikikata, wanafunzi wake wakipita na kucheka, na yeye haoni haya hata kidogo. Wakati mwingine nakata polepole makusudi. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi na bado akaamka asubuhi akapiga mswaki kama watu wengine.

Tulikubaliana kwamba kitu kikubwa cha kwanza cha nyumba yetu kiwe friji, na mimi ndiye nichague. Alisema kwa kinywa chake: "Jikoni ni kwako, chagua unachopenda kukiangalia." Na mimi nilijua ninachokipenda. Unaikumbuka friji ya masista wa misheni, Mama alipokuwa akiwafulia? Ile yenye mabega ya mviringo na mshikio mzito unaong'aa, ambayo mlango ukifungwa unatoa sauti kama mtu aliyeshiba? Tuligombania kikombe kimoja cha maji baridi, ukanimwagia nusu kifuani. Tangu siku ile nilikuwa nataka friji yenye mabega.

Jumamosi tatu tulizunguka. Hapa Homa Bay zote zilikuwa bapa, nyeusi na kijivu, kama kabati za ofisi ya chifu. Jumamosi ya tatu tukaenda mpaka Migori, kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme, na muuzaji wa pale ndipo alipoanza kuniudhi.

"Mkubwa," akamwambia Otieno, "mchukulie madam hii ya kioo. Ndiyo inayotoka siku hizi."

"Mwenye jikoni ni huyu," Otieno akajibu. "Mimi ni wa kubeba tu."

"Sawa mkubwa. Na madam anapenda rangi gani?"

"Madam ana masikio," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipoiona, nyuma ya mashine za kufulia, rangi ya krimu kama maziwa ya jana, mabega ya mviringo, mshikio wa fedha. Mpya kabisa, Dada, ila imetengenezwa kwa sura ya zamani, maana siku hizi kuna watu wanaotaka hivyo. Nilitoa tepu yangu ya kupimia nguo nikaipima urefu, upana na kina, nikalinganisha na vipimo vya mlango wetu wa jikoni nilivyokuwa nimeviandika kwenye kiganja. Nikauliza kama rafu za ndani zinatoka, nikaingiza kichwa kusikiliza inavyonguruma. Muuzaji alipoona sitaki ya kioo akaanza kuniongelesha kama mtu: akasema friza yake ya juu haioti barafu ukutani, kuna feni ndani inayosukuma baridi na kukausha, na kwamba sitakwangua barafu tena maishani. Otieno akanitazama, akacheka, akasema, "Hata mimi nikiwa friji ningetaka nipimwe hivyo." Tukaichukua.

Siku sita. Hizo ndizo siku nilizokaa nayo. Kila jioni Otieno alikuwa akifungua mlango na kusimama pale akinywa maji huku taa ya ndani inammulika, nami namwambia funga unapoteza baridi, naye anasema anasubiri nimfukuze vizuri zaidi. Mambo ya kijinga, najua. Siku sita za ujinga mtamu.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Otieno. Ameuza samaki ufuoni tangu Otieno hajazaliwa. Ana friza mbili za sanduku pale kibandani kwake, na ukutani mwa zote mbili barafu imeota unene wa Biblia. Kila Jumapili baada ya kanisa huikwangua kwa panga butu. Kwake barafu ukutani ndiyo dalili ya uhai. Mwenzake wa sokoni akinunua friza, yeye ndiye huitwa kuipapasa. Huwa anasema, "Friji ikiacha kuota barafu, itafutie sanduku uizike."

Ana pia ufunguo wa nyumba yetu, tangu Otieno akiwa kapera, wakati akimletea chakula.

Ijumaa alikuja kutuletea samaki, ngege wabichi, sisi tukiwa kazini. Akafungua, akaingia, akaikuta friji yangu. Kwanza sura: akaona mabega yale akajua ni mtumba uliopakwa rangi. Kisha akafungua friza, akapitisha mkono ukutani, pakavu. Akaupitisha tena, pakavu. Hakunipigia simu. Hakumpigia mwanawe. Alitafuta kwenye droo yetu mpaka akapata risiti, akaita pikapu inayobeba samaki wake, akaipakia friji yangu, akaenda nayo mpaka Migori akagombana na yule muuzaji hadi akabadilishiwa.

Nilipoingia jikoni nilikuta friza ya sanduku kama zake, sanduku jeupe limeziba nusu ya mlango, lina samaki wawili wakubwa aina ya mbuta ndani, na barafu imeshaanza kuota. Mama Otieno ameketi kwenye kiti changu anajipepea, anasubiri nimshukuru.

"Nyar Kuria," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria, "mliuziwa maiti. Nimewaokoa."

"Mama, ile ilikuwa mpya. Haioti barafu kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa."

"Friji isiyoota barafu ni kabati. Kabati ya vikombe huwezi kuichomeka kwenye umeme."

"Mama, hata kama ingekuwa mbovu, ilikuwa mbovu yangu."

Akacheka, Dada. Akaniuliza kama shuleni tulifundishwa kupenda vitu vibovu. Ndipo nikasema maneno ninayoshtakiwa nayo, na nitakuandikia jinsi nilivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza: "Mama, asante kwa samaki. Naomba ule ufunguo." Basi. Sikupandisha sauti, na wala sikumgusa. Ufunguo haukutoka hata kwenye mkoba wake. Leo niambiwe nimemnyang'anya?

Otieno aliporudi alisimama katikati yetu kama mtu aliyeulizwa hesabu isiyo na jibu. Akasema mama hakukosea moyo, alikosea mkono tu, twende polepole. Kisha akaketi akala mbuta. Mimi sikula. Nampenda, unajua ninavyompenda, lakini jioni ile nilimwangalia akitoa miiba kwa utulivu ule wake nikatamani kumfunika sahani kichwani. Na Jumatatu ndipo Baba akapiga.

Hapa nataka umkumbushe Baba jambo moja. Ghala la Mama, pale nyumbani, nani hulifungua? Baba ni mwenye boma, ng'ombe ni wake, lakini akihitaji wimbi la wageni husimama nje na kuomba, na Mama akisema halipo, halipo. Hata Bibi, aliye mama mkwe wake, alipokuwa na nguvu zake hakuwahi kutia mkono humo. Tumekua tukiona hivyo. Sasa mimi nikiolewa kwa Waluo, ghala langu limekuwa la nani? Au kwa kuwa linachomekwa kwenye umeme ndiyo maana si ghala? Muulize, Dada. Muulize taratibu, lakini muulize.

Kuku sikupeleka. Jumamosi asubuhi nilikwenda kibandani kwa Mama Otieno, wateja wamejaa, nikamwambia, "Mama, twende Migori pamoja. Tukikuta friji ile ni mbovu, nitapiga magoti hapa mbele ya wateja wako."

"Hapa kwenye magamba?"

"Hapa hapa kwenye magamba."

Wanawake wa sokoni wakaanza kushangilia, wakamwambia asikatae. Akavua aproni, akachagua ngege mmoja mbichi, akamfunga kwenye karatasi ya nailoni. Tukaketi mbele kwenye pikapu, yeye na mimi. Tulipitia nyumbani kumchukua Otieno, naye akakaa nyuma, amelishikilia lile sanduku jeupe.

Tuliikuta friji yangu karibu na mlango wa duka, imewashwa, inanguruma vizuri, na imebandikwa karatasi: imetumika kidogo. Mama Otieno akafungua friza ya juu, akamlaza ngege wake, akavuta stuli akaketi mbele yake kama askari wa benki. Kila baada ya muda mfupi anafungua anamgusa.

"Mama, ukifungua kila mara hataganda," muuzaji akamwambia.

"Wewe nyamaza, sijaja kwako. Nimekuja kwa samaki."

Saa tisa alimtoa. Akamgonga kwenye kaunta, ko, ko, kama jiwe. Akarudisha mkono ndani, akapapasa ukuta: pakavu. Akafunga mlango wa friza. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Siku nilipoileta, ulijua haina ugonjwa?"

"Mama, ulikuja na hasira, ningefanyaje?"

"Ungeniambia nimekosea. Mtu akiniletea samaki mzima akisema ameoza, namnusa mbele yake. Wewe ulinyamaza uuze mara mbili."

Muuzaji akajitetea kwamba hata hivyo sanduku jeupe haliwezi kurudi kwa sababu linanuka samaki. Mama Otieno akamwambia hata mkono wake unanuka samaki, na ndio uliomsomesha Otieno, mteja wake aliyesimama pale. Nilimuunga mkono, nikamwambia yule muuzaji mambo mengine ambayo sitayaandika. Tulikuwa wakali wawili, Dada, na nakiri kwamba ilikuwa raha. Mwishowe akalipokea sanduku, na friji yangu ikapakiwa.

Njiani kurudi hakusema samahani. Alisema, "Rangi yenyewe si mbaya." Nilipoiona imesimama mahali pake nikamwomba tena ufunguo, mbele ya mwanawe, kwa heshima. Akasema uko kwenye mkoba mwingine. Akaaga, akaenda.

Otieno akamsindikiza, akarudi akaanza kuchambua mchele. Nilivimba Jumapili, nikavimba Jumatatu. Jana akarudi kutoka shuleni na kitasa kipya ndani ya mfuko wa daftari, akapiga magoti mlangoni na bisibisi, akaking'oa cha zamani akafunga hicho. Kilikuja na funguo tatu. Mmoja akautia kwenye mnyororo wake, wa pili akanipa. Wa tatu akauweka kiganjani mwangu akakikunja kwa vidole vyake, akasema, "Huu utampa unayemtaka, siku unayotaka. Mama nitamweleza mimi mwenyewe." Sijawahi kupewa kitu kama hicho, hata siku ya harusi.

Nisalimie Mama, umwambie asiinue ndoo. Msalimie kaka yetu Chacha na ng'ombe wake, na Bibi, umpigie kelele sikioni kwamba mjukuu wake ana maji baridi. Majirani wape salamu bila maelezo.

Baba msalimie kwa heshima zote. Mwambie ufunguo wa tatu nimeuweka kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani. Nadhani nitampa Mama Otieno, labda hata kabla ya Krismasi, kwa sababu nimeanza kumpenda tangu alipomgonga yule samaki kwenye kaunta. Lakini utatoka mkononi mwangu. Hautatoka kwa amri iliyopigwa simu kutoka huko nyumbani Ntimaru.

Mdogo wako anayekupenda, mwenye hasira na mwenye furaha,

Robi, wa Otieno